Kigawo cha 999,983

Harufu ya bajia zinazokaangwa jioni ya Ramadhani hunitia hasira mpaka leo. Nilipokuwa mwanafunzi ilikuwa ikipanda ngazi hadi chumba cha tuisheni, Kikwajuni, ambako Maalim Othman, mwenye hesabu nyingi na huruma haba, alitufundisha. Siku hiyo aliandika 999,983 ubaoni. "Anayetaka kwenda kufuturu kwao anipe kigawo kimoja cha namba hii. Si moja, wala si yenyewe." Tukainamia madaftari, koo zimekauka. Mbili haikuingia. Tano haikuingia. Tulijumlisha tarakimu zake, tukapata arubaini na saba, kwa hiyo tatu nayo ikakataa. Tukaenda kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, na kila mara kulikuwa na baki.

Pandu, mtoto wa ami yangu aliyeletwa kwetu kutoka Makunduchi kusoma, alikuwa mdogo kuliko sote. Ilikuwa saumu yake ya kwanza kamili, na bibi alimwahidi kumfuturisha kwa mkono wake. Tangu asubuhi hakuwa na mazungumzo mengine. Magharibi ilipokaribia akanyanyua mkono. "Saba, maalim." Nilimwona alivyoipata: aligawa, ikabaki tano, akaifuta kwa kidole.

Maalim akagawa upya ubaoni, taratibu, mpaka ile tano ikatokea mbele ya macho yetu. "Unasema uwongo na umefunga? Huna saumu wewe. Kunywa." Akampa kikombe cha maji. Wenzetu walicheka. Pandu akanywa huku analia, na hajakiweka chini kikombe, adhana ikaadhiniwa. Nyumbani bibi alimnyooshea tende, akaikataa. "Nshafungua, bibi," alisema, akaenda kulala.

Siku hizi mwanangu huiuliza simu, nayo humjibu papo hapo kwamba 999,983 ni namba tasa, haina kigawo tulichotafuta. Ramadhani hii nilimkuta Maalim barazani, Mji Mkongwe, mzee wa kushikwa mkono. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nilimuuliza kama siku ile alijua kwamba namba ile haina kigawo.

"Naam, nlijua," alisema, akicheka. "Ingekuwa nacho, si mngelikipata mkenda zenu?"

Nikamtakia Ramadhani njema, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, na moyoni nikamwomba Mungu asimfikishe nyingine.