Kulowa Kwangu na Kulowa kwa Somoe

Asubuhi niliyoondoka kwenda vitani, mke wangu Somoe alikuwa anamenya mihogo nyumbani kwetu Naliendele, ana tumbo la miezi mitano. Aliniambia nisisahau sabuni. Mimi nimesoma darasa la pili tu, lakini nilikwenda na jeshi la Mwingereza kwenye vita vya nchi ya Malaya, huko Asia, askari wa kawaida nikarudi koplo, na malori niliyonayo leo nimeyatafuta kwa mikono yangu.

Huko tulilala kifudifudi kando ya njia ya msituni, tukimvizia adui. Amri ilikuwa moja: asitikisike mtu.

Mkojo ulinibana tangu alfajiri.

Wakapita karibu. Niliona viatu vyao. Nikajikojolea.

Bunduki zikalia. Mwenzangu wa kulia, Mmakua wa Masasi, hakuinuka tena.

Waliobaki walinisifu kwa kutotikisika. Hakuna aliyeziba pua.

Niliporudi, nilikuta Somoe alikuwa ameugua uchungu wa kuzaa siku tatu. Mtoto alitoka amekufa, na tangu hapo mkojo ulimtoka wenyewe, usiku na mchana. Alishinda akifua vitambaa. Ngomani haendi, msibani anakaa nje peke yake. Hata kuswali alikuwa ameacha, anajiona najisi, nami sikumuuliza shehe kama ipo ruhusa. Ipo. Nikamtandikia jamvi jikoni, kitandani nikalala mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nawasimulia wageni barazani habari za kule msituni, wanacheka, wananipigia makofi. Walipoondoka, Somoe akasema taratibu, "Bwana, wewe umejikojolea umekuwa shujaa. Mimi nimekosa nini?"

"Vile vilikuwa vita," nikamjibu.

"Na mimi zile siku tatu nilikuwa wapi?"

Nikamwambia aende kwao Msimbati mpaka apone. Akaomba nimpeleke kwa lori langu. Nikakataa, abiria watalalamika. Akaenda kwa miguu, amejifunga kaniki mbili.

Mwaka wa pili nikaletewa habari ya msiba wake. Nilipofika Msimbati, dada yake alinieleza kwamba Somoe alikuwa hanywi maji ya kutosha, asije akalowa mbele za watu. Homa ilipompata wakambembeleza anywe, akakaza meno. Akaomba ashushwe, alazwe chini, asiharibu kitanda cha watu.

Dada yake hakunilaumu. Alinitengea chakula, nikala.

Yule Mmakua aliuawa na adui, na hilo naweza kulisimulia. Somoe nilimfukuza mimi mumewe, naye hakuwa amenikosea kitu.