Miwani ya Fundi Futi

Fundi Futi alikuwa seremala, na jina hilo alipewa kwa sababu futi kamba haikumtoka kiunoni hata msibani. Namba alizijua barabara. Mbao akiitupia jicho tu, anakwambia imepinda wapi. Lakini herufi, jamani! Yeye na herufi walikuwa hawaamkiani. Karatasi ikiletwa mbele yake, alijipapasa mfuko wa shati, akasonya, akasema, "Aa, miwani nimeisahau nyumbani. Hebu nisomee hapo." Wanasema njia ya mwongo ni fupi, ya huyu ilikwenda miaka ishirini na saba bila kona.

Sasa, msimamizi wa karakana akatangaza kwamba baada ya miezi minane anastaafu. Tajiri akamnyooshea Futi kidole. "Nafasi ni yako, fundi." Wenzake wakapiga makofi, na fundi wa kupaka vanishi, mtani wake mkubwa, akapiga mluzi. Futi alicheka nao, lakini alijua kinachomngoja. Msimamizi ndiye aliyesoma ubao wa kazi kila asubuhi, kwa sauti, mbele ya watu wote: mlango wa nani, kabati la nani, la mti gani. Akikataa, ataulizwa kwa nini. Akikubali, ataumbuka. Na cheo chenyewe alikuwa amekitamani tangu ujana wake.

Mambo yakiwa hivyo, mkewe naye akaongeza lake. Jumapili moja alimwekea kiboksi mezani. Ndani mlikuwa na miwani ya fremu nyeusi, yenye kikamba cha kuning'iniza shingoni.

"Ili usiisahau tena, baba watoto," akasema, uso mkavu kabisa. "Usiivue hata ukioga."

Futi alishukuru kwa mdomo. Moyoni alitamani ardhi ipasuke immeze. Kesho yake, hata randa hajaishika, yule mpaka vanishi akaiona. "Loo, leo hatuponi! Haya, tusomee tangazo hili, mimi mikono ina rangi." Mikono ya mtu huyu ilikuwa na rangi siku zote. Futi akakohoa, akakohoa tena, akatoka nje kama aliyepaliwa na vumbi la mbao. Huko akakaa juu ya gogo, nusura alie.

Jioni hiyo hiyo akaenda kwenye darasa la watu wazima, chumba kilichokuwa nyuma ya zahanati. Kila siku alikuwa akikipita huku ameangalia upande wa pili. Mwalimu, binti wa rika la bintiye wa mwisho, alimuuliza kila mmoja kilichomleta. Mama muuza mkaa akasema aliwahi kujiingiza wodi ya wanaume waliovua nguo, na hataki tena. Mlinzi mmoja mzee akasema amechoka kutia dole gumba mahali asipopajua. Zamu ikafika kwa Futi.

"Mimi nimeletwa na miwani."

Darasa likacheka, naye akacheka, mara ya kwanza wiki nzima.

Nyumbani alisema anakwenda kikao cha mafundi. Mkewe hakuuliza kikao gani kisichokwisha. Saa ikifika humwekea viatu mlangoni. Futi alishika kalamu kama patasi, akatoboa madaftari mawili, akataka kuacha mara tatu. Hakuacha. Mwezi wa saba wa masomo, yule mlinzi mzee aliiazima miwani yake, akaivaa, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi, mbona hivi ni vioo vitupu? Kama dirisha!"

Futi akarudi nyumbani mbio. "Mama watoto! Miwani hii haina kitu!"

"Na macho yako yana nini?" Mkewe alikuwa anakuna nazi, wala hakuinua kichwa. "Ufa wa mbao unauona ukiwa barabarani."

"Ulijua? Tangu lini?"

Hapo akaacha kukuna. "Unaikumbuka barua ya dada yako? Uliifungua, ukaikodolea, ukatabasamu, ukasema wote wazima, wanatusalimu. Baba watoto, ile barua ilisema mama yako yuko mahututi."

Futi akakaa.

"Nikakwambia jirani kaleta habari kwamba mama anaumwa, twende upesi. Ukamkuta hai, mkaongea. Nimekufichia miaka yote hii, lakini ubao wa kazi nisingeweza kukusomea. Mficha uchi hazai. Nikaona nikunyang'anye hicho kisingizio."

Futi alilia waziwazi, wala hakusingizia vumbi.

Jumatatu ya kukabidhiwa alisimama mbele ya ubao bila miwani. Akasoma kwa kukwamakwama, kama msumeno butu: milango minne, kabati moja, la mninga. Hakuruka neno.

"Vipi, bosi," mpaka vanishi akadakia, "miwani imevunjika?"

"Haijavunjika. Macho yangu mazima, na siku zote yalikuwa mazima. Nilikuwa sijui kusoma. Nimejifunza."

Kila mmoja akashika kazi yake. Wakati wa chakula cha mchana mpaka vanishi alimfuata nyuma ya rundo la mbao. Mikono yake ilikuwa imeoshwa hadi kwenye viwiko, haina hata tone la rangi. Akageuka kuona kama kuna mtu karibu.

"Kaka," akasema chini chini, "hilo darasa lenu huanza saa ngapi?"