Siku Niliyomwozesha Binti Yetu kwa Kiarabu cha Dukani

Huku Xiaobei, mtaa wa biashara Uchina, wananiita Mwarabu, na jina hilo nililipenda, nisiseme uongo. Shule niliishia darasa la tatu. Kiarabu nimekiokota kwa Wayemeni wenye maduka barabara ya Huanshi Zhonglu, tukivutana bei. Mteja akinitajia mzigo wake asubuhi, rangi na saizi zote, jioni namtajia laoban, yule tajiri wa Kichina mwenye ghala, bila karatasi. Laoban hucheka, eti kichwa changu kina droo.

Basi binti wa marehemu kaka yangu akachumbiwa na kijana wa Kiyemeni. Walii, wa kumwozesha, ni mimi. Shehe akanifundisha maneno ya kuozesha, Kiarabu cha kitabuni.

"Ukitaka Kiswahili, inafaa," akasema.

"Shehe, mimi huyu?"

Nikayarudia mbele yake, sawasawa. Nilipoingia kwenye lifti yalikuwa yameshapungua. Lifti za huku nazo, acha tu, zinabeba marobota kuliko watu.

Juu mkahawani watu wamejaa, bibi harusi yuko nyuma ya pazia. Nikamshika mkono bwana harusi, nikafungua kinywa. Hamna kitu. Kisha yakaja maneno, yakaja yenyewe, yale ninayomwambia mteja tukishakubaliana bei ya suruali:

"Khalas, shilha, mabruk alek!"

Yaani basi, beba, hongera.

Jamani, kicheko! Mjomba wa bwana harusi akajipiga paja: "Na risiti je, hajji?" Shehe akanifinya goti, akaninong'oneza niseme kwa Kiswahili. Nikasema, sauti kama ya mgonjwa. Ndoa ikafungwa.

Wakati wa kula, baba wa kijana akanisogelea. "Usijali, hajji. Hata mimi, neno la Kiarabu cha nyumbani nikilisikia halinitoki. Cha shuleni, nusu kinaniponyoka kabla sijafika mlangoni." Mtu mwema yule. Ila yeye hakumringia shehe.

Nikaenda kumpongeza binti yetu. Wanja ulikuwa umemchirizika.

"Ami," akaniuliza, "umeniuza bei gani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Naye akacheka, kidogo tu, kisha akavuta mtandio akajifunika uso. Mimi nimesimama pale, mkono nimeunyoosha, hakuna wa kuupokea.