Mimi na Boga Juu ya Bati

Bibi yangu wa Mpitimbi huniita mume wake, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Lakini siku hiyo aliniita mwongo. Mimi, mwalimu wa fizikia! Roho iliniuma kweli.

Kisa, nilimwambia kizito na chepesi vikiachiwa pamoja toka juu, hufika chini pamoja. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

"Boga na punje ya hindi? Mume wangu, shule imekuharibu."

Tukawekeana dau: atakayeshindwa apukuchue mahindi yote peke yake, magunia matatu, kwa mkono. Mwaka jana kazi hiyo ilinichuna vidole gumba, wiki nzima nikashindwa kushika chaki. Safari hii niliapa sishindwi.

Nikapanda juu ya bati la jiko la nje, anakoweka maboga yake. Nikaachia boga na punje. Vikatua pamoja, pu!

"Punje sijaiona," akasema.

Kuku alikuwa ameshaimeza. Bibi akanirushia ganda la hindi. "Haya, jaribu na hili."

Nikaliachia pamoja na boga jingine. Boga likafika. Ganda likayumba, likazunguka, likashuka kwa madaha kama bibi harusi.

"Hewa hiyo, bibi, inalizuia! Pasingekuwa na hewa..."

"Basi kaoe huko kusiko na hewa."

Damu ikanichemka. Nikakamata boga kubwa kuliko yote na kijiwe, nikasogea ukingoni. "Sasa angalia vizuri!"

Bati lilikuwa bado na umande. Boga, kijiwe na mimi tukaondoka pamoja.

Nilitua kwenye lundo la maganda, kifundo cha mguu kikateguka. Boga likapasuka ubavuni kwangu. Bibi hakunipa hata pole. Aliliangalia boga, akaniangalia mimi.

"Ala! Mmefika pamoja."

"Si nilikwambia!" nikapiga kelele huku machozi yananitoka.

"Umeshinda, mume wangu. Nimeona kwa macho yangu."

Alinikanda kwa maji ya moto, akanikalisha mkekani, mguu juu ya mto. Kisha akaanza kupukuchua, maana ahadi yake huwa haivunji. Nilijisikia mfalme. Gunia la kwanza halijafika nusu, akaanza kunitazama.

"Kilichoumia ni mguu?"

"Mguu, bibi."

"Mikono je?"

Akanisogezea gunia la pili. Jumatatu sikuweza kushika chaki.