Bakuli Moja la Watoto wa Kiema

Katika hospitali ile ya Kitui, mwaka wa 1983, hakuna aliyeaminiwa kama Shufaa binti Abdallah, mhudumu wa wadi, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Babu yake alipanda kutoka pwani na mizigo ya nguo akaoa hapo mjini, kwa hiyo Shufaa aliswali kwa Kiarabu, akagombana kwa Kikamba na kuandika Kiswahili kwa mwandiko uliosimama wima. Muuguzi akisema jambo, wagonjwa walimgeukia Shufaa kumuuliza kama ni kweli. Akiitikia kwa kichwa, yameisha.

Ndiyo maana Daktari Mwangangi alipoanza utafiti wake wa kala-azar, homa inayovimbisha wengu, alimchukua yeye. Watoto waliletwa wakiwa na miguu myembamba na matumbo yaliyojaa wengu. Dawa ya siku zote ilikuwa sindano, kila siku kwa mwezi mzima, na iliuma. Sasa kulikuwa na vidonge vipya, na kama vingefanya kazi vingewafikia watoto wa vijiji ambavyo havina hata wa kushika sindano. Bahasha iliyofungwa, kama kura, ndiyo iliyoamua mtoto gani apate kipi. Shufaa alitakiwa kuwapa watoto wa vidonge dawa yao, viwili asubuhi na viwili jioni, awaone wakimeza, kisha atie alama kwenye kadi.

"Uone kwa macho yako," daktari alimwambia, halafu akarudia. Shufaa alichukia kuambiwa jambo mara mbili.

Vidonge vilikuwa vichungu ajabu. Wiki ya kwanza watoto walimtemea mpaka kanga yake ikageuka rangi. Basi akatafuta njia yake mwenyewe. Aliwafundisha mama zao kuviponda na kuvikoroga kwenye uji, mtoto anywe kutoka mkono wa mama yake. Uji ukiisha, Shufaa anatia alama. Kilio kikakoma wadini, na yeye akatembea kifua mbele. Hakumwambia daktari, maana aliona ni mambo ya jikoni tu.

Mwezi wa pili wakaja wake wawili wa mume mmoja, Kiema, kutoka kijiji kilicho mbele ya soko la Kabati. Nzilani, mke mkubwa, alimleta Kivuva, mwenye miaka sita. Kaluki, mke mdogo, alimleta Mbuvi, aliyekuwa na mitano. Bahasha ilimpa Kivuva vidonge na Mbuvi sindano. Wale wanawake walilala vitanda vya kupakana, wakafuliana nguo, na kila asubuhi mmoja wao alienda jikoni kuchukua uji wa watoto wote wawili. Wake wenza wanaopendana hivyo Shufaa alikuwa hajawaona kwa macho, naye alishaona wengi wasiopendana. Aliwataja kwa kila mtu. Hata mama mkwe wake alisikia habari zao mpaka akachoka.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Mbuvi alianza kutapika, na moyo wake ukawa unakimbia, unasimama kidogo, unakimbia tena. Kivuva naye hakupata nafuu. Daktari alikuwa amechora mstari wa wino tumboni pake pale ulipoishia wengu, na kila alipoupima tena alikuta haujarudi nyuma hata upana wa kidole. Daktari akawa hanyoi ndevu. Kaluki alikuwa na watoto wawili waliokwisha kuzikwa, na sasa alikaa akiwa ameshika mguu wa Mbuvi.

Ijumaa asubuhi daktari alisimama kati ya vile vitanda viwili na kumtaka Shufaa awaeleze akina mama. Sindano inaonekana inamdhuru Mbuvi, alisema, kwa hiyo kuanzia leo ataipunguza nusu, ingawa akiipunguza ugonjwa wenyewe unaweza kumshinda mtoto. Na vidonge ni hafifu. Jumatatu watoto wote kumi na mmoja wa vidonge wataongezewa, wameze vinne asubuhi na vinne jioni.

Shufaa akawa anaeleza kwa Kikamba, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Mbele yake Nzilani alikuwa amemaliza kukoroga. Alimpa Kivuva bakuli la bati, Kivuva akanywa funda moja, akampa Mbuvi. Mbuvi akanywa funda moja, akarudisha. Ndivyo walivyokula kwao na ndivyo walivyokula hapo tangu siku ya kwanza, kwa sababu watoto wa wake wenza wakitengewa vyombo, watu huuliza nani anamwogopa nani.

Ulimi wa Shufaa ukakwama katikati ya sentensi.

Daktari akamuuliza kama kuna neno gumu. Akasema hapana, akamalizia, akatoka nje kupiga hesabu. Mbuvi alikuwa anapata sindano kamili na nusu ya vidonge juu yake. Kivuva alikuwa anapata nusu tu. Na kadi zilisema, kwa mwandiko ule uliosimama wima, kwamba kila kidonge kilimezwa na mwenyewe.

Shetani hakuchelewa kumjia. Angeweza kuyatenga mabakuli mchana huohuo, kimyakimya, na mtu asijue. Lakini daktari angeendelea kuipunguza sindano isiyo na kosa, na Jumatatu watoto wengine kumi wangemezeshwa dozi maradufu kwa sababu ya Kivuva mmoja. Muuguzi alikuwa tayari anapita na trei ya sindano. Shufaa aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Akapiga moyo konde, akamwambia muuguzi asubiri, akaenda kugonga mlango wa ofisi.

Alisema yote akiwa amesimama. Daktari Mwangangi alisikiliza bila kumkatiza, kisha akavuta boksi la kadi.

"Hao wengine kumi, nao wanakunywa kwa uji?"

"Wote, Daktari. Ni mimi niliwafundisha."

"Na kila mmoja ana bakuli lake?"

Shufaa alifikiria ndugu waliokuja kutazama wagonjwa, wadogo waliolia njaa, mama waliolamba masalio ili chakula kisimwagwe.

"Hapo siwezi kuapa," alisema.

Daktari alichukua kalamu nyekundu na kukata kadi moja moja, zote kumi na moja, kazi ya karibu miezi mitatu. Kisha aliamuru vidonge visimame wadi nzima, Mbuvi apumzishwe dawa zote siku mbili, halafu arudi kwenye sindano kamili, na Kivuva aanzishwe sindano. Kuhusu Shufaa alisema tu kwamba hatashika kadi tena.

Iliyobaki ilikuwa kwenda kuwaambia wale wanawake, na hiyo hakumwachia mtu. Alianza vibaya. Alisema watoto walikuwa wanagawana dawa, na kabla hajafika mbali Kaluki alimgeukia mke mwenzake kwa macho ambayo Shufaa alitamani asingeyaona.

"Mama Kivuva, ulikuwa unamwekea mtoto wangu dawa?"



"Hapana," Shufaa akaingilia, kwa sauti ya kusikika wadi nzima. "Dawa niliweka mimi. Kwa mikono yake, lakini ni mimi."

Kaluki alimwinua Mbuvi, akasogea naye hadi mwisho wa kitanda. Siku ya tatu moyo wa mtoto ukatulia, akaomba chakula. Kaluki alienda jikoni peke yake na kurudi na kikombe cha mtoto mmoja.

Nzilani alikitazama kile kikombe muda mrefu. Kisha akamwita Shufaa, aliyekuwa anapiga deki karibu na mlango.

"Mama Abdulkadir, wewe ulikuwa unawaangalia watoto kila siku wakinywa bakuli moja. Mbona hukutukataza?"

Shufaa aliacha kupiga deki.

"Nilikuwa naangalia," alisema. "Nilifurahia kuwaona."