Nilivyompima Rafiki Yangu Mbele ya Binti Yake

Niiteni mjinga mkitaka, lakini msiseme niliteleza. Anayeteleza hakupanga. Mimi nilikaa kitini nikachagua maneno, nikayafanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, kisha nikaenda kumdhalilisha rafiki yangu mbele ya mke wake na mtoto wake.

Watu walicheka. Ndiyo maana niliendelea.

Mimi ni Mkenya, naishi Sydney upande wa magharibi, nafanya kazi ya ofisi katika kampuni ya usafirishaji. Jina langu halitawasaidia kitu. Yeye nitamwita Bahati, ingawa si jina lake. Ni Mkongo wa Bukavu, aliyeletwa huku na familia yake kama wakimbizi. Tulikutana kwenye timu ya futi.

Kwa msioijua, futi ni mpira wa Waaustralia. Mpira una umbo la yai, uwanja nao vilevile, mikono inaruhusiwa na miguu inaruhusiwa, na watu wanagongana kama magari yaliyokatika breki. Timu yetu ilikuwa ya mtaani tu, kule Macquarie Fields. Waafrika, Wazungu, Walebanoni wawili watatu. Mazoezi jioni baada ya kazi, mechi Jumamosi.

Bahati alikuwa mrukaji wetu. Refa akidundisha mpira katikati, watu wawili warefu wanaruka kuugombea angani. Jamani, Bahati alikuwa anaruka! Wazee wa Kizungu waliokuja na viti vyao vya kukunja walikuwa wanasimama kumwangalia. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, ingawa tulilingana umri. Mimi goti liliniharibikia mapema, nikawa kocha msaidizi.

Sasa sikilizeni alichonifanyia mtu huyu.

Mwaka wa pili wa Korona, mitaa yetu ilifungwa kwa ukali kuliko mitaa ya matajiri kule pwani. Helikopta za polisi juu ya mapaa, wanajeshi wanagonga mlango kuuliza kama upo. Mipaka ya nchi imefungwa. Katikati ya hayo mama yangu akafariki Kisii. Sikuweza kwenda. Naishi peke yangu, kwa hiyo mazishi ya mama ningeyaangalia peke yangu, kwenye simu.

Bahati akaja. Kutembeleana kulikuwa marufuku, na alijua akikamatwa atapigwa faini. Alikuja na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, akakaa nami sakafuni, simu tumeiegemeza kwenye mguu wa meza. Jeneza lilipoanza kushushwa mtandao ukakatika. Nililia, nikagaagaa kwenye zulia, kamasi zikanitoka. Alinifuta uso kwa fulana yake mwenyewe, akaniimbia wimbo wa kanisani mpaka nikatulia.

Asubuhi yake nikaanza kukohoa. Mimi Korona ilinipita kama mafua. Yeye ilimlaza hospitali, akawekewa oksijeni.

Aliporudi kwake hakumwambia mtu yeyote kwenye timu aliipata wapi. Mimi mwenyewe hakunilaumu hata mara moja.

Mtadhani nilimpenda zaidi. Hapana. Nilianza kumkwepa. Nikimwona namwona yule mtu wa kwenye zulia, mwenye kamasi, na ninajua na yeye anamkumbuka. Wema wake ulinikera. Kikohozi chake kilinikera zaidi, kwa sababu kilikuwa changu.

Tukafunguliwa. Majira ya joto yakafika, msimu mpya unakaribia. Timu ya jirani ilikuwa imevunjika kwa ajili ya Korona, wachezaji wake wakahamia kwetu, na ghafla tukawa na watu wengi kuliko nafasi. Kocha wetu mkuu, mzee wa Kizungu nitakayemwita Terry, fundi bomba, akaniomba tuipime orodha yote kabla msimu haujaanza. Nani ana kasi, nani ana mikono mizuri, nani aanze timu ya kwanza, nani wa akiba, nani aambiwe apumzike. Terry alikuwa anataka kustaafu na kila mtu alijua kamati inatafuta mrithi. Nilikitaka kile kiti. Nilitaka waone kwamba naweza kumkata hata rafiki yangu.

Nilikuwa na jicho zuri, sitajishusha kwa hilo. Nilisimama pembeni mwa uwanja wiki baada ya wiki, nikatazama. Beki mmoja wa Kilebanoni alikuwa mzito wa kugeuka. Winga mmoja, kijana Mkenya mwenzangu kutoka Nairobi, alikuwa amerudi kutoka lokdauni na tumbo la mbunge. Na Bahati, mrukaji wetu, hakuruka tena. Alikuwa anainuka kidogo, halafu anashika magoti.

Siku moja mazoezini alikimbia mzunguko mmoja, kisha akanivuta nyuma ya gari lake. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Akaniambia daktari ameona makovu kwenye mapafu, na hajui kama yataisha. Hakuwa amemwambia mke wake. Kazini hakusema pia. Alikuwa kibarua katika ghala karibu na bandari ya Port Botany, anabeba mizigo, na kibarua mgonjwa haitwi tena. Aliomba nimpange nyuma kabisa, karibu na goli letu, mahali pasipo na mbio nyingi, mpaka kifua kitulie.

"Yaya, niko nakuomba," akasema. "Usiambie bantu. Uniache tu kwa liste. Nikiwa hapa na bandugu, nasahau hospitali."

Nikamwambia asijali. Nikampigapiga begani, nikarudi uwanjani na kipenga changu.

Wiki ya mwisho kabla ya msimu tulifanya sherehe ya kuchoma soseji uwanjani, Jumapili mchana, familia zote zikaja. Nilimwambia Terry kwamba ni vizuri nisome tathmini yangu hadharani, ili kila mtu ajue anasimama wapi. Terry alisita. Akasema nisome mazuri tu, mabaya tutamwita mtu pembeni. Nikaitikia sawa.

Nilipanda juu ya sanduku la vinywaji. Nikaanza kwa Kiingereza, na vichekesho nikivirudia kwa Kiswahili kwa ajili ya kina mama. Nikasema beki wetu akitaka kugeuka aombe kibali wiki moja kabla. Nikasema lokdauni iliisha lakini tumbo la winga halijapata habari. Watu wakavunjika mbavu. Winga mwenyewe alicheka, akajipiga tumbo. Terry alikuwa ananitazama na kutikisa kichwa, nikajifanya simwoni.

Bahati alikuwa kwenye jiko, amevaa aproni, anageuza soseji. Mkewe, Mama Neema, alikaa kwenye nyasi na wanawake wenzake. Neema, binti yao, alikuwa na miaka kama kumi na miwili, na alikuwa amesimama karibu yangu kabisa, anacheka kila nikicheka. Kiswahili alikuwa anakisikia, lakini anajibu Kiingereza kama watoto wote wa huku. Kila mechi alikuwa nyuma ya goli anamwokotea baba yake mipira.

Nikafika kwa Bahati. Hapo nikaanza na Kiswahili, makusudi, ili Mama Neema asikie vizuri.

"Huyu zamani alikuwa mrukaji," nikasema. "Sasa anahema kama friji ya mtumba. Msidhani ni uvivu, mapafu yameoza, ameniambia mwenyewe, anamficha hata mkewe. Mimi namtoa kwenye orodha. Tumpe kazi ya kubeba chupa za maji, na tuhakikishe ni chupa tupu."

Upande wa Waafrika watu wakaacha kutafuna. Neema akamgeukia mama yake, akamuuliza kwa Kiingereza, mapafu ni nini.  Mama Neema alikuwa anamtazama mume wake.

Na Wazungu, ambao hawakuelewa, wakaanza kupiga kelele wanataka na wao wacheke. Nitafsiri.

Hapo ningeweza kunyamaza, au kudanganya kwamba nimesema Bahati ni mzee sasa, tukamaliza. Nilimtazama yule mtoto, ananisubiri na yeye, na nikatafsiri. Neno kwa neno. Neema alijifunza maana ya neno mapafu kutoka kinywani mwangu.

Kuna kitu kingine sijakisema. Mmoja wa wachezaji wapya alikuwa msimamizi wa zamu katika lile ghala la Bahati. Alikuwa amesimama na sahani yake ya mkate. Nilijua yupo. Nilijua anafanya kazi gani.

Bahati hakupaza sauti. Alizima jiko, akavua aproni akaikunja.

"Umeshamaliza?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Akawageukia watu, akawaambia soseji ziko tayari, waje wale kabla hazijapoa. Kisha akamshika Neema mkono, Mama Neema akawafuata, wakaenda kwenye gari lao.

Watu walikula. Walikula wakiangalia sahani zao.

Terry alinikuta nakusanya viti. Aliniambia, "Nilikuomba macho yako. Ulimi wako sikuuomba." Halafu akabeba viti vyake akaondoka.

Mlitaka kusikia nilifukuzwa? Sikufukuzwa. Hakuna aliyenipa hata nafuu hiyo. Terry alistaafu kabla msimu haujashika moto, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine mwenye muda, kamati ikanipa kiti. Nilipata nilichokitaka. Vijana wa Kikongo wakaacha kuja mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake ya adabu: zamu zimebadilika, mtoto anaumwa, gari bovu. Winga wa Nairobi, yule aliyecheka, alinipigia simu akaniambia anahamia timu nyingine, na kwamba tangu siku ile hawezi kula mbele yangu. Futi inahitaji watu kumi na wanane uwanjani kwa kila timu. Kabla baridi haijaisha nilikuwa nasimama kwenye ule uwanja na watu tisa na mpira mmoja. Timu ikafutwa.

Bahati kule ghalani hakuambiwa chochote. Waliacha tu kumwita. Simu ya asubuhi ya kumpa zamu ikawa haiji.

Nilimaliza miezi mingi bila kwenda kwake. Nilijiambia nampa nafasi. Uongo, niliogopa. Jumamosi moja mchana nikaenda, nimenunua matunda kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa wa kawaida. Mama Neema alifungua mlango. Zamani alikuwa ananiita shemeji na kunicheka ninavyovaa. Siku ile alisema karibu, akanionyesha kiti, akaleta chai. Neema alitoka chumbani, akaniona, akarudi akafunga mlango.

Bahati alikaa mbele yangu, amekonda. Nikaanza kuomba msamaha. Nikaona nimwambie mkewe ukweli wote, labda nitapumua. Nikamwambia kwamba ugonjwa ule ulitoka kwangu, kwamba mume wake aliupata akinibembeleza siku ya mazishi ya mama yangu.

Mama Neema aliweka kikombe chini.

"Najua," akasema. "Ni mimi nilimutuma. Alikuwa anaogopa polisi, mimi nikamwambia: mtu hawezi kuzika mama yake peke yake, wende. Ile sombe ni mimi nilipika."

Sikuwa na pa kuangalia. Nikaangalia chai.

Bahati akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. Alisema amenisamehe, amekwisha kuliombea hilo jambo na halimkai tena moyoni. Nikashukuru, nikaanza kusema tutaonana kanisani, tutaonana uwanjani, upuuzi wa namna hiyo. Akainua mkono.

"Nimekusamehe," akasema, "lakini hapa kwangu usirudi tena. Mtoto akikuona hasomi."

Nilikunywa ile chai yote kwa sababu kuiacha kungekuwa matusi. Mama Neema alinisindikiza mpaka getini, akanishukuru kwa matunda. Baadaye nikasikia wamehamia jimbo lingine, kwa dada yake Bahati. Sijauliza ni mji gani.

Wewe unayesoma, labda umepewa kazi ya kuwapima watu: unachagua timu, unachagua wa kupandishwa kazini, unachagua kwaya. Siku utakapofika kwenye jina la mtu aliyekuona ukiwa umevunjika, weka kalamu chini umpe mtu mwingine ampime. Usijidanganye kwamba utakuwa wa haki. Mimi niliyoyasema kuhusu uchezaji wake yalikuwa kweli tupu; hata daktari angetia sahihi. Hakuwa na kasi, hakuwa na pumzi, hakufaa kucheza. Jicho langu halikukosea hata kidogo.

Msinihurumie. Mhurumieni mtoto aliyeuliza neno, akasubiri jibu, akanitazama mimi.