Bidoni Yenye Kitambaa Chekundu

Wivine Kahindo alikuwa na kipaji kisicho na faida yoyote harusini wala msibani: ukimpa malori saba, mazutu kidogo, yaani dizeli, na vituo tisa, anakwambia kila lori lipite wapi ili tone lisipotee. Alikipata chuoni, hapo hapo Goma, kwa profesa mmoja aliyependa kuwauliza wanafunzi: una lori moja na maduka kumi, utazungukaje urudi kabla ya mvua? Wenzake walikariri ili wafaulu. Wivine alipenda kweli. Alipenda jinsi vurugu inavyotulia ukiiandika vizuri: hiki ndicho ninachotaka, haya ndiyo masharti, basi, tafuta jibu.

Miaka sita aliwapangia njia madereva wa muzee mmoja wa simenti, kutoka Goma hadi Butembo. Vita vilipofunga barabara ya Rutshuru, muzee akafunga depo, na Wivine akapata kazi kwenye shirika la misaada kule mtaa wa Himbi, penye maua uani na geti la chuma. Kazi haikubadilika, ila simenti ikawa maji. Malori yaliyavuta ziwani na kuyapeleka kwenye kambi za wakimbizi, njia ya Sake.

Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyomleta mama yake, Ernestine, kwa miguu kutoka Rutshuru. Alikuja na bidoni moja ya njano ya lita ishirini, mshikio wake umefungwa kitambaa chekundu ili isichanganyike na za watu. Wivine alimtandikia godoro sebuleni mwa nyumba ya mumewe. Mama hakulilalia hata usiku mmoja. Mama mkwe kulala chini ya bati la mkwe wake, kumsikia akikohoa, kupishana naye mlangoni akienda kuoga, kwake hiyo ilikuwa aibu isiyosemeka.

"Mutoto wangu, siwezi lala mu nyumba ya mukwe," alisema. "Niache na batu ya kwetu."

Watu wa kwao walikuwa Mawe Tatu, kambi ndogo juu ya mawe ya volkano, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kambi kubwa ya Lac Vert. Lori lilipanda huko kwa taabu na kushuka na tairi zilizochanika. Lakini lilipanda kila siku, maana kwenye mpango wa Wivine kulikuwa na sharti moja aliloliandika kwa mkono wake: hakuna kambi itakayokosa lori hata siku moja.

Mwezi wa pili mwaka 2024, mabomu yakianguka karibu na Sake, theluthi ya mazutu ilikatwa. Achille, mkuu wake, mtu mpole mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri mno, alisimama mlangoni.

"Litre moja ya mazutu, maji mingi kadiri inawezekana," alisema. "Njo vile banataka kule juu."

Wivine aliingiza kiasi kipya cha mazutu kwenye kompyuta. Programu ikajibu kwamba kwa masharti hayo hakuna jibu. Akajaribu tena, hakuna jibu. Mara ya tatu akalifuta lile sharti, na jibu likaja mara moja, zuri kabisa. Hakuna aliyemlazimisha. Sitaki mtu amtafutie kisingizio.

Bila sharti hilo, programu ilifuata kitu kimoja tu: mahitaji. Na mahitaji yalipimwa kwa njia aliyoibuni Wivine mwenyewe, akasifiwa kwayo. Kambini mtu hapangi foleni, bidoni yake ndiyo inayopanga. Alfajiri wanawake huziacha mstarini, kila moja mahali pake, wakaenda kutafuta kuni. Saa kumi na mbili kijana mmoja, Théogène, anapita akizihesabu na kuzipiga picha. Bidoni nyingi, maji mengi. Bidoni chache, maji machache. Nani angepinga?

Mawe Tatu ilikuwa na bidoni mia tatu arobaini. Kwa kuwa ni mbali na ni mawe matupu, programu iliipa lori siku moja, ikairuka ya pili. Lori lisipofika, wenye nguvu walizibeba bidoni zao hadi Lac Vert na kuzipanga kwenye mstari wa huko. Wiki iliyofuata Théogène alikuta Mawe Tatu bidoni mia moja tisini, na Lac Vert mstari umerefuka. Programu ikaona, ikaelewa inavyoelewa yenyewe, ikahamisha malori. Bidoni zikabaki sitini. Wiki ya nne Mawe Tatu haikupewa kitu.

Wivine alimpigia mama yake simu.

"Tuko tu," mama alisema. "Mukamugema anaendaka na bidoni yangu Lac Vert."

Mukamugema alikuwa jirani yake tangu kijijini. Hata hivyo moyo wa Wivine haukutulia. Neno moja kwa Achille lingetosha, lori moja lingepanda. Lakini mwaka uliopita mtu wa ofisi hiyo alifukuzwa kwa kuwapelekea ndugu zake mahema, na Wivine aliwaza watu wakisema malori yanamfuata mama yake. Ndipo alipofungua picha za Théogène za asubuhi hiyo. Katikati ya bidoni elfu mbili na ushee za Lac Vert, karibu na jiwe moja lililopasuka, akaona kitambaa chekundu. Alifurahi hadi akacheka peke yake. Mama anapata maji, hakuna haja ya kumwomba mtu chochote. Kesho yake akaangalia tena, kitambaa kipo. Siku ya tatu kipo, siku ya nne kipo. Mama yangu mjanja, akajiambia, akafunga picha.

Siku nne, bidoni ile ile kando ya jiwe lile lile. Hata mtoto wa shule ya msingi angeuliza mbona haisogei. Yeye, mwenye diploma ya kupanga mizunguko, hakuuliza.

Ijumaa mchana Mukamugema alipiga simu. "Wivine, kuya huku. Mama anahara na kutapika tangu asubui."

Alimkuta kwenye hema la wagonjwa wa kipindupindu, vidole vimekunjamana, macho yameingia ndani. Mama alimtambua. "Bidoni yangu," alisema, "isipotee." Jumamosi kabla ya saa sita alifariki, na watu wenye glavu wakamfunga kwenye plastiki. Wivine hakuruhusiwa kumwosha mama yake.

Mukamugema alikuwa amekaa nje, juu ya jiwe.

"Lac Vert banaombaka jeton, ile banapatia batu baliandikwa kule," alisema. "Siye ba Mawe Tatu hatuna. Tunaweka bidoni, tunangoja, banatufukuza, bidoni inabaki pale. Tulikunywa ile maji ya mu mashimo ya mawe."

"Juu ya nini mama hakuniambia?"

"Alisema we njo unapangaka macamion. Kama camion haikuye, basi hakuna. Hakutaka kukupatisha haya."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Wivine alikuwa Lac Vert. Théogène alikuwa anakuja akihesabu, midomo ikimcheza. Bidoni ilikuwa pale pale, kando ya jiwe lililopasuka, ndani yake vumbi tupu.

"Hizi za bila jeton ziko ngapi?" Wivine aliuliza.

"Mia tatu hivi. Hazitembeake," Théogène alisema. "Camion ya mwisho inarudiaka na nusu ya maji, toka mbele ya ba Mawe Tatu kuya. Chofere anaimwanga mu njia, tairi zisipasuke."

"Na hukusema."

"Madame, baliniambia nihesabu bidoni."

Wivine aliinama akaiinua ile ya mama yake. Théogène alisubiri, kalamu juu ya daftari.

"Iyi naihesabu, ao hapana?"

Wivine aligeuka nayo. Aliibeba hadi Himbi, akaiweka chini ya meza yake. Kwenye hesabu ya kompyuta akaziondoa bidoni mia tatu za Lac Vert na kuzirudisha Mawe Tatu, akalifuta lile lori la mwisho lililorudi na nusu, akalirudisha na lile sharti lake, akabonyeza. Mara hii mazutu yalitosha. Lori moja Mawe Tatu, kila siku. Programu ilichukua sekunde nne.

Achille alitia sahihi akiwa amesimama. "Unaona?" alisema kwa upole. "Solution ilikuwa pale tu."

Kesho yake saa mbili asubuhi simu iliita. Nyuma ya sauti ya Mukamugema kulisikika maji yakianguka ndani ya bidoni, na wanawake wakigombana kwa furaha.

"Imefika, mutoto wa Ernestine. Inatosha batu bote."

Wivine akasema sawa, akakata simu.